Sheria Iliyojulikana Baada ya Hasara: Nakuru na Katiba, 1904–2024

Kesi mbili zinatosha kumweleza mgeni jinsi watu wa Bonde la Ufa la kati walivyokuja kuijua sheria. Ya kwanza iliamuliwa mwaka 1913. Wamaasai walioondolewa katika malisho ya Naivasha na Nakuru, kisha wakaamriwa kuondoka tena Laikipia, walikwenda kortini wakiwa na mkataba, wakaambiwa kwamba mahakama haina mamlaka ya kuusikiliza. Ya pili iliamuliwa Arusha tarehe 26 Mei 2017. Waogiek wa Msitu wa Mau walilalamikia serikali ya Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nao wakashinda.

Kati ya kesi hizo kuna zaidi ya miaka 100. Tumezoea kusikia kwamba mwananchi wa kawaida haijui sheria kwa sababu hakusoma, au kwa sababu hajali. Historia ya Nakuru inasema vingine. Watu wa hapa walihangaika na sheria tangu mwanzo; kilichokosekana ni mahali pa kuitumia. Kila kizazi kilifundishwa sheria fulani baada ya sheria hiyo kukiumiza, na karibu karne nzima ilipita kabla ya dola kuwa na wajibu wa kumweleza mwananchi mapema.

1904–1913: Mkataba usiokuwa na mahakama

Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900. Miaka miwili baadaye Sheria ya Ardhi ya Taji ikafungua njia ya kuwapa walowezi mashamba, na macho yao yakaangukia malisho ya bondeni. Tarehe 10 Agosti 1904, Kamishna Donald Stewart alifanya mkataba na viongozi wa Kimaasai, Olonana akiwa mbele yao. Wamaasai wangeondoka bondeni. Baadhi yao waende Laikipia upande wa kaskazini, wengine wabaki kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba makubaliano hayo yangedumu kwa muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo duniani. Yalidumu miaka 7. Mwaka 1911 mkataba mwingine uliwataka wale wa Laikipia nao wahamie kusini.

Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa kaskazini, hakushika mkuki. Alitafuta wakili. Wazungu wachache walimuunga mkono, akiwamo daktari wa serikali Norman Leys, ambaye barua zake kwenda Uingereza zilimponza hata akahamishiwa Nyasaland. Kesi ilifunguliwa kwa jina la Ole Njogo na wenzake. Hoja yao ilieleweka na yeyote: mkataba wa 1904 ulikuwa hai bado, na ule wa 1911 haukuweza kuwafunga watu ambao hawakuukubali.

Majaji hawakuigusa hoja hiyo. Walisema nchi ilikuwa chini ya himaya tu ya Uingereza, haijawa koloni, hivyo Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme bali watu wa taifa jingine. Mikataba yao ilikuwa mikataba baina ya mataifa, na mikataba ya aina hiyo haina pa kutetewa katika korti ya kawaida. Rufaa nayo ilishindwa kabla ya mwaka 1913 kwisha. Watu waliozaliwa bondeni wakawa wageni mbele ya sheria, na wageni waliofika kwa reli wakawa wenyeji.

Mwaka 1921 Jaji Barth alilimaliza suala hilo kwa upande wa makabila mengine. Katika kesi ya ardhi iliyotoka Ukikuyuni aliamua kwamba, baada ya sheria ya ardhi ya 1915 na nchi kufanywa koloni, Mwafrika alikuwa mpangaji wa Taji anayeweza kuondolewa wakati wowote. Mwaka 1913 walikuwa wageni mno kuweza kushtaki. Kufikia 1921 walikuwa raia wa Mfalme wasiokuwa na ardhi ya kudai. Mlango ulifungwa kutoka pande zote mbili.

1918–1950: Kipande shingoni, sahihi mezani

Mashamba yaliyozunguka Nakuru, Njoro, Molo, Subukia na Naivasha yalihitaji mikono. Familia nyingi za Wakikuyu, na za Wakalenjin pia, zilihamia humo kama maskwota: zilime kipande kidogo, zichunge mifugo michache, na mwenye shamba apate kazi yao. Sheria ya Vibarua Wakaazi ya 1918 iliweka siku 180 za kazi kwa mwaka. Ile ya 1937 ilizipa halmashauri za walowezi uwezo wa kuongeza siku hizo hadi 270 na kupunguza mifugo. Skwota hakuwa mpangaji, kwa hiyo hakuwa na haki yoyote ya mpangaji.

Wakati huohuo mwanamume wa Kiafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimika kubeba kipande. Kilikuwa karatasi iliyokunjwa ndani ya kikopo cha bati chenye kamba, kikining'inia shingoni. Ndani yake mlikuwa na jina, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na nafasi ya mwajiri kutia sahihi ya kumruhusu aondoke. Bila sahihi hiyo hangeweza kuajiriwa kwingine, na polisi akimsimamisha njiani alikuwa mhalifu. Wengi wa waliovivaa vikopo hivyo hawakujua kusoma. Mtu alitembea na maisha yake shingoni, yameandikwa kwa lugha ambayo karani, polisi na mlowezi waliweza kuisoma na yeye mwenyewe hakuweza. Hapo ndipo watu wengi wa bondeni walipokutana na sheria iliyoandikwa kwa mara ya kwanza.

Ndiyo sababu kisa cha Olenguruone kina uzito wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali iliwapeleka huko, katika nyanda za juu za Mau, maskwota waliofukuzwa mashambani. Walowezi Wazungu walikuwa na hati. Hawa waliletewa karatasi ya masharti ya kilimo na urithi, waisaini. Wakakataa. Walisema ardhi ile walipewa kuwa fidia ya ardhi yao iliyochukuliwa, kwa hiyo ni mali yao. Serikali ikashikilia kwamba wao ni wapangaji kwa hisani yake. Kutia sahihi kungemaanisha kuikubali hadhi hiyo kwa mkono wao wenyewe. Waliijua thamani ya sahihi kuliko maofisa walivyodhani.

Walijenga shule zao, na walikula kiapo cha umoja kilichowaunganisha wanaume na wanawake. Kufikia 1950 walikuwa wameondolewa kwa nguvu na kupelekwa Yatta, Ukambani. Kiapo chao kilisambaa katika mashamba ya walowezi, na wanahistoria wanakihesabu miongoni mwa chemchemi za Mau Mau. Ombi la kutambuliwa kisheria lilipokataliwa, lilirudi likiwa vita.

1963–1978: Katiba ya Lancaster, vyeti vya hisa na mkutano wa Nakuru

Katiba ya uhuru ilijadiliwa London, Lancaster House, katika vikao vya 1960, 1962 na 1963. Iliandikwa kwa Kiingereza na mawakili, na mwananchi wa Bahati au Rongai aliisikia redioni kama habari ya mbali. Iligawa nchi katika majimbo, na Nakuru ikawa makao makuu ya jimbo la Bonde la Ufa. Agosti 1963 Jomo Kenyatta alikutana na walowezi mjini Nakuru akawaambia wasahau yaliyopita na wabaki walime. Mali yao ilikuwa imelindwa katika katiba. Mwafrika aliyetaka shamba angelinunua.

Majimbo hayakudumu. KADU, chama kilichoyatetea, kilijivunja mwishoni mwa 1964, Kenya ikawa jamhuri, na mabunge ya majimbo yakafutwa. Mwaka 1966 serikali ilipata tena uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha kortini. Marekebisho haya yote yalipita Bungeni, na hakuna hata moja ambalo mwananchi aliulizwa.

Nakuru, watu walikuwa na shughuli nyingine. Kampuni za kununua ardhi zilichipuka, Ngwataniro ya Kihika Kimani ikiwa miongoni mwa zilizovuma zaidi. Maskini walichanga, wakapewa cheti cha hisa, wakaonyeshwa shamba. Wengi waliamini cheti kile ndicho hati ya shamba. Sheria ilikuwa na maoni tofauti: hisa ni sehemu ya kampuni, na kampuni ndiyo yenye ardhi hadi itakapogawanywa na kila mmoja apewe hatimiliki yake. Kwa kutojua tofauti hiyo, familia nyingi zilikaa miaka na miaka juu ya ardhi ambayo hazikuweza kuithibitisha. Vita vya wakurugenzi na wanahisa vilijaza meza za mawakili mjini.

Kisha Septemba 1976 katiba yenyewe ikaletwa uwanjani. Katika mkutano wa hadhara mjini Nakuru, kundi la wanasiasa wakubwa, Kihika Kimani akiwa kati ya vinara, lilitaka katiba ibadilishwe. Sheria ilisema Rais akifariki, Makamu wake angeshika hatamu kwa siku 90. Makamu huyo alikuwa Daniel arap Moi, na wao hawakumtaka. Kwa mara ya kwanza wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Nakuru walisikia kipengele kimoja cha katiba kikichambuliwa kwenye jukwaa. Somo hilo halikumaliza hata wiki mbili. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alitoa taarifa kuwakumbusha Wakenya kwamba kuwaza, kupanga au kukusudia kifo cha Rais ni uhaini, na adhabu yake ni kunyongwa.

Athari ilikuwa pande mbili. Kipengele kilibaki, na Kenyatta alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 Moi aliapishwa siku hiyohiyo bila damu kumwagika. Katiba ilifanya kazi. Lakini mwananchi aliondoka na funzo jingine: mazungumzo ya katiba ni hatari, waachiwe wakubwa. Mwenye nguvu mpishe.

1982–1997: Mlolongo, mimbari na kizimba

Juni 1982 Bunge lilipitisha kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, na mwaka huohuo uteuzi wa wagombea ukafanywa kwa mlolongo. Wapiga kura walijipanga uwanjani nyuma ya picha ya mgombea au ya wakala wake, kila mtu akimwona jirani amesimama wapi. Chifu alikuwapo, mwajiri alikuwapo, mwenye nyumba alikuwapo. Aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa katika uchaguzi wenyewe. Na palipokuwa na mistari miwili, mrefu na mfupi, ilitokea wa mfupi akatangazwa mshindi mbele ya macho ya wote. Hakukuwa na karatasi za kuhesabiwa upya, na mwenye malalamiko hakuwa na ushahidi ila macho yake.

Hakuna kitabu cha uraia ambacho kingefundisha umuhimu wa kura ya siri kwa ufasaha kama mistari ile. Waliolisema jambo hilo hadharani walikuwa wachache, na viongozi wa dini walikuwa mstari wa mbele. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Jimbo Katoliki la Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, alikuwa mmoja wao. Kwa sababu ya sheria ya utulivu wa umma, mkutano ulihitaji kibali, ibada haikuhitaji. Barua za maaskofu zilisomwa parokiani Jumapili, na vikundi vya Haki na Amani vikaanza kuwafundisha waumini haki za mtu anayekamatwa na wajibu wa mpiga kura. Kwa watu wengi wa Molo na Njoro, darasa la kwanza la sheria lilikuwa na viti vya kanisa.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na bondeni vyama vingi vilikuja pamoja na moto wa mapigano ya kikabila. Molo iliwaka 1992. Njoro na Laikipia ziliwaka Januari 1998. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, na baadaye Tume ya Jaji Akiwumi, zilichunguza. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa na hatimiliki mikononi. Wakagundua kwamba hati inakulinda pale tu polisi na korti wanapokuwa tayari kuitii.

Mwaka 1994 macho yakageukia korti ya Nakuru. Koigi wa Wamwere, aliyekuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini na mfungwa wa kisiasa wa mara kadhaa, alishtakiwa pamoja na wenzake kwa madai ya kuvamia Kituo cha Polisi cha Bahati mnamo Novemba 1993. Shtaka lilikuwa wizi wa mabavu, ambao adhabu yake ni kifo. Mawakili, akiwamo Mirugi Kariuki wa Nakuru ambaye mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini, waliwahoji mashahidi siku baada ya siku, huku waangalizi wa kimataifa wakiandika. Mamake Koigi, Monica Wangu, alikuwa tayari amejulikana nchini kwa mgomo wa akina mama katika bustani ya Uhuru mwaka 1992. Oktoba 1995 hakimu aliwatia hatiani Koigi na wenzake wawili kwa kosa dogo zaidi: kifungo cha miaka minne na viboko sita.

Hukumu hiyo ilishutumiwa sana ndani na nje ya nchi. Lakini ndani ya mwaka mzima na zaidi wa kesi, wakazi walipata kuona mambo ambayo hayakuwa yakionekana: shahidi wa serikali akibanwa kwa maswali, stakabadhi za polisi zikilinganishwa na maneno yao, mshtakiwa maskini akiwa na wakili. Dola ililazimika kujieleza hadharani. Mwaka 1997 shinikizo la wananchi lilizalisha makubaliano ya vyama vya Bungeni yaliyojulikana kama IPPG. Kibali cha mkutano kikaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na taarifa kwa polisi, na mamlaka ya machifu yakapunguzwa.

1998–2005: Wanjiku aulizwa

Mjadala wa katiba mpya ulipopamba moto, Rais Moi, ambaye makazi yake yalikuwa Kabarak nje ya mji wa Nakuru, aliuliza Wanjiku anajua nini kuhusu katiba. Alimaanisha mwanamke wa kawaida wa kijijini. Kazi hiyo, kwa maoni yake, ilikuwa ya wabunge na wataalamu. Kauli hiyo ilimrudia. Wachora vibonzo na wanaharakati wakamchukua Wanjiku wakamfanya alama ya mwananchi, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuandika katiba bila kudai kwamba amemsikiliza.

Tume ya Marekebisho ya Katiba iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilitakiwa na sheria kutoa elimu ya uraia kwanza, kisha ikusanye maoni katika majimbo yote 210 ya uchaguzi. Mwaka 2002 watu walisimama mbele ya makamishna katika kumbi na makanisa. Bondeni, ardhi, machifu na usalama vilikuwa hoja ambazo kila mtu alikuwa na mfano wake. Bomas of Kenya, wajumbe 629 waliyageuza maoni hayo kuwa rasimu.

Kisha wakubwa wakaichukua. Rasimu ya Bomas ilibadilishwa, na Wakenya wakaitwa kupiga kura tarehe 21 Novemba 2005, Ndiyo ikiwa ndizi na Hapana ikiwa chungwa. Elimu iliyotangulia ilimezwa na kampeni za makabila. Wengi walipigia kura matunda na waliokuwa wameyabeba. Chungwa lilishinda. Elimu ya uraia ikionekana kuwa chombo cha upande mmoja, husikika kwa masikio ya kabila.

2008–2010: Majivu, kisha Naivasha

Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliifikia Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari 2008. Watu waliuawa, nyumba zikateketezwa wenyewe wakiwa ndani, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi ya wakimbizi. Mazungumzo yaliyosimamiwa na Kofi Annan yaliitaja katiba miongoni mwa mizizi ya tatizo. Uchaguzi uliompa mshindi kila kitu, mahakama ambayo aliyeshindwa hakuiamini, ardhi ambayo hakuna aliyeisuluhisha: kila moja lilikuwa na kifungu chake.

Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga ilitoa rasimu Novemba 2009. Januari 2010 wabunge wa kamati teule, wakiongozwa na Abdikadir Mohamed, walijifungia Naivasha. Humo, kilomita chache kutoka mitaa iliyochomwa miaka miwili kabla, waliamua nchi iwe na Rais mwenye mamlaka ya utendaji na kuuondoa mpango wa kugawana madaraka na Waziri Mkuu. Kipengele kinachogusa maisha ya Mkenya kila baada ya miaka mitano kilikatwa katika hoteli, si katika kumbi za 2002.

Hata hivyo rasimu ilichapishwa Mei na nakala zikasambazwa kwa mamilioni. Upinzani uliongozwa na William Ruto na Moi, na pia na makanisa, ambayo yalipinga vipengele vya uavyaji mimba na mahakama za Kadhi. Walewale waliofundisha haki chini ya mlolongo sasa walihubiri Hapana, na waumini wao walikuwa wamefundishwa vya kutosha kusoma wenyewe na kutofautiana nao. Tarehe 4 Agosti 2010 Ndiyo ilipata zaidi ya kura milioni 6 dhidi ya karibu milioni 2.8. Bonde la Ufa lilikuwa mkoa pekee ambako Hapana iliongoza. Lakini hakuna nyumba iliyochomwa, na tarehe 27 Agosti katiba ikawa sheria ya waliosema Ndiyo na waliosema Hapana.

2010–2016: Katiba inayotaka kusomwa

Ni kawaida kuusifu Mswada wa Haki. Kwa historia hii, badiliko kubwa liko katika Kifungu cha 22. Mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani haki inapovunjwa, kwa niaba yake, ya mwenzake asiyeweza kufika, ya kundi, au kwa maslahi ya umma. Hatozwi ada ya kuanzisha kesi hiyo, na kanuni za 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua au maelezo ya mdomo. Swali lililowafukuza Wamaasai 1913, yaani nyinyi ni nani hata mshtaki, lilijibiwa na katiba yenyewe.

Kifungu cha 49 kikaingia mtaani haraka zaidi. Anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kunyamaza, awasiliane na wakili, na afikishwe kortini si zaidi ya saa 24 tangu akamatwe, au siku ya kwanza ya kazi kama muda huo umekwisha nje ya saa za korti. Mama wa mtaa wa Bondeni au wa Kaptembwo anayefika kituoni Jumamosi kumuulizia kijana wake anaweza sasa kusema, mbele ya afisa wa zamu, kijana huyu Jumatatu awe kortini. Hahitaji kumbembeleza mtu. Sajili ya mahabusu iko mezani, saa ya kukamatwa imeandikwa humo, na kuhesabu anajua.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliifanya elimu ya uraia kuwa wajibu wa kaunti, na Kifungu cha 196 kikalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na kila kaunti ikajua kwamba mkutano si mapambo. Nakuru, mashirika kama CEDGG na MIDRIFT yalianza kuwafundisha watu kusoma bajeti ya wadi zao. Kazi haikuwa rahisi, wala haijawa. Tangazo likitoka gazetini kwa Kiingereza, mkutano ukawekwa saa nne asubuhi siku ya kazi, na kitabu kinene cha bajeti kikagawiwa mlangoni, sheria imetimizwa kwa herufi tu. Anayeuza mboga hawezi kuja, na aliyekuja hawezi kusoma kurasa mia kabla ya chakula cha mchana.

Shuleni mambo yamesonga polepole. Katika mfumo wa 8-4-4, katiba na haki za binadamu zilikuwa mada za somo la Historia na Serikali, na kufikia madarasa ya juu wengi walikuwa wameliacha. Waliobaki walikariri aina za katiba kwa ajili ya mtihani. Mtaala wa umilisi umeutaja uraia kuwa miongoni mwa umilisi wa msingi, jambo zuri ikiwa mwanafunzi ataruhusiwa kuuliza pesa za shule yake zinatumikaje. Vyuo vikuu vya Egerton na Kabarak sasa vinafundisha sheria, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria vijijini. Bonde ambalo mwaka 1913 lilisubiri wakili Mzungu akubali kesi sasa linafundisha mawakili wake.

2017–2024: Kutoka Mau hadi barabarani

Oktoba 2009 Waogiek waliamriwa kuondoka Mau ndani ya siku 30. Safari hii walikuwa na shirika lao, Ogiek Peoples' Development Program, lenye makao Nakuru na likiongozwa na Daniel Kobei, na walijua kwamba mkataba wa haki wa Afrika unaifunga Kenya. Malalamiko yalipitia Tume ya Afrika hadi Arusha. Mwaka 2017 mahakama iliamua kwamba haki zao kadhaa zimevunjwa, ikiwamo haki ya ardhi, utamaduni na dini. Mwaka 2022 iliagiza walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na ardhi yao itambuliwe kwa hatimiliki ya pamoja. Novemba 2023 baadhi ya Waogiek walifukuzwa tena Sasimwani, upande wa Narok.

Mahakama za nyumbani nazo zilipaza sauti. Mei 2021 Mahakama Kuu iliusimamisha mpango wa kubadilisha katiba ulioitwa BBI, ikisema kubadilisha msingi wa katiba kunahitaji hatua nne, ya kwanza ikiwa elimu ya uraia. Mahakama ya Juu iliikataa nadharia hiyo ya msingi usiobadilika Machi 2022, ingawa mpango wenyewe ulikufa. Kwa muda, majaji walikuwa wamesema kwamba mwananchi asiyeelimishwa hawezi kuhesabiwa kuwa ameamua.

Juni 2024 vijana waliozaliwa karibu na wakati Wanjiku alipotajwa waliichukua kauli hiyo kwa njia yao. Mswada wa Fedha wenye lugha ya mawakili na wahasibu ulifupishwa kwenye simu kwa Kiswahili, Sheng na lugha za makabila, kifungu kwa kifungu. Walipojaa barabarani Nairobi, Nakuru na miji mingine, mabango yao yalitaja Kifungu cha 37, haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Makumi waliuawa nchini. Tarehe 26 Juni Rais alikataa kuutia sahihi mswada uliokuwa umepita Bungeni.

Kwa hiyo shida ya leo si ile ya Ole Gilisho, wala ya skwota mwenye kikopo shingoni. Karatasi inasomeka na korti imefunguliwa. Pengo limehamia kwa wanaopaswa kutii: afisa anayemvusha mtuhumiwa saa 24, kaunti inayoita mkutano wa kujitetea, serikali inayoshindwa Arusha na kuchelewa kulipa. Elimu ya katiba Nakuru imekuwa ikielekezwa kwa mwananchi, kana kwamba yeye ndiye asiyejua. Baada ya miaka 120 ya mafunzo ya bei ghali, mwananchi amefika mbali. Mwanafunzi anayefuata anafaa kuwa afisa wa umma, na mtihani wake wa kwanza uwe hatimiliki ya Waogiek.